Sarafu na noti za zamani: jinsi ya kuandika na kutunza kumbukumbu zake

Nyumba nyingi vijijini zina kopo, kisanduku au kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani yake mna pesa ambazo hazitumiki tena. Utakuta senti yenye tundu katikati, shilingi yenye simba, noti ya shilingi ishirini iliyokunjwa mara nne, pengine na rupia ya Mjerumani. Mwenye nazo anajua kila moja ilikotoka. Watoto wake wanajua nusu ya habari hiyo. Wajukuu wakija kurithi, mara nyingi wanapokea chuma na karatasi bila habari yoyote.

Makala haya yanaeleza namna ya kuandika kumbukumbu za sarafu na noti za zamani kwa kutumia daftari, kalamu na simu. Yanamfaa anayekusanya kwa kupenda, na yanamfaa pia aliyerithi kopo la babu na hajui aanzie wapi. Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: mwaka, uzito na picha ya sarafu unaweza kuvisoma leo au miaka ishirini ijayo, kwa sababu sarafu yenyewe itakuwepo. Habari ya nani aliipata, wapi na kwa shughuli gani iko kichwani mwa mtu, na mtu huyo hatakuwepo siku zote. Hiyo ndiyo ya kuandika kwanza.

Kumbukumbu ndogo inaweza kubeba habari kubwa

Mfano mzuri unahusu sarafu zilizotoka huku kwetu pwani. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari wa Australia aitwaye Maurie Isenberg alikuwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Akiwa ufukweni aliokota sarafu chache mchangani, akaziweka kwenye kopo. Mwaka 1979 alizipeleka kwa wataalamu zikatambuliwe. Kati ya sarafu 9, 4 zilikuwa za Waholanzi na 5 zilikuwa za shaba za masultani wa Kilwa, iliyo kusini mwa pwani ya Tanzania.

Sarafu za Kilwa kufika karibu na Australia ni habari iliyowashangaza wanahistoria. Lakini fikiri: kama Isenberg angekuwa na sarafu tu, nani angeamini kwamba ziliokotwa huko? Mtu angesema alizinunua sokoni. Kilichosaidia ni kwamba alikuwa ameweka alama ya X kwenye ramani kuonyesha mahali alipoziokota. Kwa sababu ya alama hiyo, mwaka 2013 watafiti waliweza kwenda kisiwani kupatazama. Bado wanajadiliana zilifikaje, ila mjadala wenyewe upo kwa sababu mtu mmoja aliandika mahali.

Kopo la nyumbani kwako huenda lisiwe na sarafu ya Kilwa. Hata hivyo, senti kumi aliyolipwa babu kwenye shamba la mkonge ni habari ya ukoo na ya wilaya yako, na hakuna kitabu kitakachoiandika kama wewe hukuiandika.

Anza na mzee

Kabla ya kununua daftari, kaa na mtu aliyekupa au aliyekuwa na pesa hizo. Mwombe ruhusa ya kurekodi kwa simu, kisha fanya kama tunavyofanya redioni:

- Zima redio na televisheni, kaeni mahali pasipo na upepo. Weka simu mezani au juu ya kitambaa karibu na mzee. Ukiishika mkononi itarekodi mikwaruzo ya vidole.
- Kabla ya swali la kwanza, sema mwenyewe tarehe, mahali na jina la anayezungumza. Rekodi isiyo na utambulisho huo haina faida baada ya miaka kumi.
- Mpe sarafu moja moja mkononi. Mtu akishika kitu hukumbuka zaidi kuliko akiulizwa kwa jumla.
- Taja namba ya sarafu kwa sauti kabla hajaanza kuieleza, ili baadaye usichanganye maelezo.
- Uliza maswali yasiyojibiwa kwa ndiyo au hapana. Uliza "Hii uliipataje?" "Ilinunua nini wakati huo?" "Mliiitaje?" "Kwa nini hukuitumia?"
- Mzee akinyamaza kidogo, subiri. Usimkatize wala usimalizie sentensi yake.

Swali la "Mliiitaje?" lina uzito wake. Majina ya pesa hupotea haraka kuliko pesa zenyewe. Senti tano iliitwa ndururu, senti kumi iliitwa peni, senti hamsini iliitwa thumuni au sumuni, na shilingi tano iliitwa dala. Neno "hela" tunalolisema kila siku limetokana na heller, sarafu ndogo ya Mjerumani. Kama kijijini kwenu kulikuwa na jina jingine, liandike kama lilivyotamkwa.

Mzee asipokuwa na uhakika, andika hivyo hivyo: "Anadhani ilikuwa kabla ya Uhuru." Usibadilishe kuwa mwaka kamili. Ukibuni tarehe, atakayesoma baadaye hatajua lipi ni la kweli na lipi ni la kubuni, na ataacha kuamini daftari zima.

Daftari na namba

Chukua daftari gumu la kaunta. Kila sarafu na kila noti ipewe namba yake, na namba hiyo isitumike tena hata kama kitu hicho kitauzwa au kupotea. Njia rahisi ni kuanza na S kwa sarafu na N kwa noti: S-001, S-002, N-001, N-002. Usipange namba kwa nchi au kwa miaka, maana kesho utapata nyingine ya katikati na mpangilio utaharibika. Namba ifuate tu utaratibu wa kuandikwa.

Kwa kila namba, andika mambo haya:

1. Namba na tarehe ya kuandika.
2. Nchi au mamlaka iliyoitoa, kama ilivyoandikwa kwenye pesa yenyewe.
3. Kiasi: senti 10, rupia 1, shilingi 20.
4. Mwaka ulioandikwa. Kama hakuna, andika "hakuna mwaka".
5. Maandishi na picha, upande wa kwanza na wa pili.
6. Herufi au alama ndogo, au namba za noti na majina ya waliosaini.
7. Upana kwa milimita na uzito kwa gramu, kama umeweza kupima.
8. Hali yake: imelika, ina mkwaruzo, ina kutu, imechanika, ina mkunjo.
9. Ilikotoka: nani, wapi, lini, kwa njia gani.
10. Bei uliyolipa, kama ulinunua.
11. Mahali ilipo sasa: bahasha, albamu, kisanduku.
12. Namba za picha au rekodi ya sauti.

Mfano wa ingizo moja unaweza kuwa hivi:

*S-014. Imeandikwa tarehe 3 Machi. Afrika Mashariki, senti 10, mwaka 1936. Ina tundu katikati. Jina la mfalme: Edward VIII. Herufi H ndogo. Rangi ya kahawia, imelika kidogo ukingoni, ina mkwaruzo mmoja upande wa pembe za ndovu. Imetoka kwa bibi mzaa mama. Anasema aliipata kama chenji ya chumvi dukani alipokuwa msichana, akaiita "peni". Haikununuliwa. Bahasha ya 14. Picha mbili, sauti dakika ya 6.*

Ingizo hilo halizidi mistari saba. Mtu asiyewahi kuiona sarafu hiyo anaweza kuitoa kwenye rundo la senti mia bila kukosea. Hicho ndicho kipimo cha ingizo zuri.

Kusoma sarafu: mambo yanayotofautisha

Sarafu mbili zinazofanana machoni zinaweza kutofautiana kwa herufi moja. Tumia mwanga wa jua na kioo cha kukuza, au kuza picha kwenye simu. Hizi ni aina ambazo hukutwa sana katika makopo ya Tanzania.

*Zanzibar.* Pesa za shaba za Sultani Barghash zina picha ya mizani upande mmoja na mwaka wa Hijria kwa tarakimu za Kiarabu. Ile ya ١٢٩٩ ni ya mwaka 1299 wa Hijria, yaani kama 1882. Kukadiria, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha jumlisha 622. Andika daftarini miaka yote miwili, ule ulioandikwa kwenye sarafu na ule uliokokotoa, ili kosa la hesabu likionekana lisahihishwe.

*Wakati wa Mjerumani.* Sarafu za mwanzo, kuanzia 1890, zina jina la kampuni: Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft. Rupia ya wakati huo ilikuwa pesa 64. Kuanzia 1904 sarafu zina maneno Deutsch Ostafrika, na rupia moja ikawa heller 100. Kwa hiyo usiandike tu "rupia ya Mjerumani". Andika jina lililopo, kwani ndilo linaloonyesha kama ni ya kampuni au ya serikali. Tafuta pia herufi ndogo: A ni kiwanda cha Berlin, J ni cha Hamburg, na T ni Tabora. Hiyo T ina historia yake. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikuwa wamezingirwa na hawakuweza kuleta sarafu kutoka kwao, wakatengeneza zao Tabora: heller 5 na heller 20 za shaba na shaba nyeupe au njano, na rupia 15 ya dhahabu yenye picha ya tembo.

*Wakati wa Mwingereza.* Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919. Baada ya florini kutumika kwa muda mfupi, shilingi ilianza mwaka 1921. Shilingi hiyo ina simba na milima nyuma yake. Sarafu hizi zilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na Zanzibar ilijiunga mwaka 1936. Kwa hiyo kwenye mstari wa nchi andika "Afrika Mashariki". Ukiandika "Kenya" au "Tanganyika" utakuwa umeongeza jambo ambalo sarafu haisemi. Mahali ilipotumika paandike kwenye mstari wa "ilikotoka".

Jina la mfalme nalo lisisahaulike. Edward VIII alitawala chini ya mwaka mmoja, mwaka 1936, kisha akaachia kiti. Jina lake lipo kwenye senti 5 na senti 10 za mwaka huo zenye tundu. Aliyeandika "senti 10, 1936" tu ameacha habari iliyo muhimu kuliko zote. Herufi ndogo ni hizi: H ni Heaton na KN ni King's Norton, vyote viwanda vya Birmingham, Uingereza, I ni Bombay, India, SA ni Pretoria, Afrika Kusini.

Madini yalibadilika pia. Shilingi za 1921 hadi 1946 zina fedha ndani yake, ingawa ni robo tu. Kuanzia 1948 hazina fedha. Ndiyo maana mwaka uandikwe kwa uangalifu: 1946 na 1948 ni karibu, lakini kilichomo si kimoja.

*Tanzania.* Benki Kuu ilianza kazi mwaka 1966, na sarafu za mwanzo za mwaka huo ni senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura na shilingi 1 yenye mkono ulioshika mwenge, zote zikiwa na sura ya Mwalimu Nyerere upande wa pili. Senti 10 yenye pundamilia ilikuja mwaka 1977. Watu wengi huzidharau hizi kwa kuwa ni za juzi. Ziandike. Kila kizee kilichomo koponi kiliwahi kuwa cha juzi.

*Vipimo.* Sonara au duka la kupima dhahabu lina mizani ndogo inayosoma gramu kwa desimali, omba kupimiwa. Rupia ya fedha ya Mjerumani ina uzito wa karibu gramu 11.66. Ikiwa yako imepungua gramu mbili, kuna la kuuliza. Sumaku ya spika mbovu nayo inasaidia: fedha, shaba na dhahabu havivutwi na sumaku. "Rupia ya fedha" inayonasa kwenye sumaku haijatengenezwa kwa fedha. Andika matokeo: "Sumaku: haivuti."

Kusoma noti

Noti za Kenya huwa zimeandikwa tarehe. Noti nyingi za Tanzania hazina mwaka, na hapo ndipo watu hukwama. Njia ni kuangalia saini mbili, ya Waziri wa Fedha na ya Gavana wa Benki Kuu. Ukijua Gavana alikuwa nani, unajua noti ilisainiwa kati ya mwaka gani na gani. Magavana ni hawa:

- Edwin Mtei, 1966 hadi 1974
- Charles Nyirabu, 1974 hadi 1989
- Gilman Rutihinda, 1989 hadi 1993
- Idris Rashidi, 1993 hadi 1998
- Daudi Ballali, 1998 hadi 2008
- Benno Ndulu, 2008 hadi 2018
- Florens Luoga, 2018 hadi 2023
- Emmanuel Tutuba, kuanzia 2023

Soma saini pamoja na cheo chake. Edwin Mtei alikuwa Gavana, na baadaye, 1977 hadi 1979, akawa Waziri wa Fedha. Jina pekee bila cheo linaweza kukupeleka kwenye miaka isiyo sahihi. Ukishindwa kuisoma saini, piga picha ya karibu, andika "saini haijatambuliwa", na uendelee. Wapo watakaoitambua kwa kuiona.

Namba ya noti iandikwe yote, pamoja na herufi za mwanzo. Hakuna noti mbili za toleo moja zenye namba ileile. Noti ikiibwa, namba hiyo ndiyo itakayokuwezesha kusema kituoni "hii ni yangu" na kuonyesha ushahidi. Sarafu haina namba, kwa hiyo alama yake ni mikwaruzo na madoa yake. Ndiyo sababu hali ielezwe kwa maneno kamili. Neno "nzuri" halimtambulishi mtu wala kitu.

Picha za simu

Piga picha mchana, karibu na mlango au dirisha, bila kuwasha taa ya simu kwa sababu hung'aa na kufuta maandishi. Weka sarafu juu ya karatasi nyeupe, kando yake weka rula na kipande cha karatasi chenye namba ya daftari. Piga pande zote mbili. Kwa noti, piga pande zote mbili, kisha iinue kwenye mwanga upige picha ya alama ya maji.

Simu hupotea, huanguka majini, hujaa. Picha zikiwa kwenye simu moja tu, zihesabu kuwa bado hujazitunza. Zitume kwenye barua pepe yako, au kwa ndugu mmoja unayemwamini, au zihifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu inayokaa nje ya simu. Wenye uwezo wazichapishe stendi au mjini kwenye studio ya picha na kuzibandika daftarini.

Bahasha, na mambo ya kutofanya

Kila kitu kikae kwenye bahasha yake ndogo ya karatasi yenye namba ileile ya daftari. Andika namba kabla ya kuweka kitu ndani, ili kalamu isikandamize noti. Usiandike chochote kwenye noti yenyewe, hata kwa penseli.

Usisugue sarafu kwa majivu, mchanga, ndimu wala steelwire. Kung'aa kwake kunaondoa ngozi ya juu pamoja na maandishi madogo, na wanunuzi wanaojua huipunguzia thamani. Usigundishe noti kwa gundi, usiibane kwa pini, usiipeleke kwa mwenye mashine ya laminesheni. Weka kisanduku mahali pakavu, mbali na jiko, na juu ya usawa wa mchwa.

Ukikuta sarafu mbili zimegandamana kwa kutu, ziache. Andika "S-031 na S-032 zimeshikana, hazijatenganishwa."

Bei na thamani ni mambo mawili

Bei uliyolipa ni tukio: tarehe fulani, mtu fulani, kiasi fulani. Liandike mara moja lisibadilike. Kama ulilipa kwa simu, nakili namba ya muamala daftarini, kwa sababu ujumbe hufutika. Thamani ni maoni, na kila maoni yawe na jina na tarehe: "Mnunuzi wa mjini alitaja shilingi kadhaa, Juni mwaka huu." Mwaka ujao mwingine atataja nyingine, iandike chini yake.

Daftari ni kinga dhidi ya matapeli pia. Huja mtu akisema pesa ya Mjerumani ya aina fulani inatafutwa kwa mamilioni, ila kwanza utume "ada ya usajili" au "gharama za kupima". Mwingine huomba sarafu aende nayo mjini kuionyesha kwa tajiri. Mwenye daftari ana majibu: picha zipo, uzito upo, mwaka upo, anayetaka kukadiria akadirie kwa hayo. Mnunuzi wa kweli hulipa, haombi kulipwa. Na kitu kikitoka nyumbani, hata kwa siku moja, andika namba, tarehe, jina la aliyekichukua, naye atie saini mbele ya shahidi.

Usitangaze mkusanyiko wako kwenye makundi ya mtandaoni ukitaja kijiji na jina lako. Ukitaka kuuliza jambo, tuma picha ya sarafu moja na swali moja.

Noti zinapoondolewa kwenye mzunguko

Hapa uzembe unagharimu pesa halisi. Benki Kuu ya Tanzania iliweka kipindi cha tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025 cha kubadilisha noti za zamani: za shilingi 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Baada ya hapo noti hizo si malipo halali. Nchini Kenya, noti za zamani za shilingi 1,000 zilifikia mwisho wake tarehe 30 Septemba 2019.

Kwa wanaoweka akiba ndani, noti za kumbukumbu na noti za akiba huchanganyika godoroni. Tenganisha leo. Noti ya mkusanyiko iwe na namba ya N daftarini. Isiyo na namba ni akiba, na tangazo la kubadilisha likitoka ipelekwe benki mapema. Unapoamua kubakiza noti moja kama kumbukumbu, andika kwamba umeibakiza kwa kujua. Warithi watakaoikuta hawatadhani wamekuta fedha za kwenda kutumia dukani.

Kilichookotwa ardhini

Kitu kilichorithiwa na kitu kilichochimbwa haviandikwi sawa, wala havihukumiwi sawa. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda vitu vya kale vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kuchimba kutafuta vitu hivyo kunahitaji kibali. Ukilima au ukichimba msingi ukakuta sarafu za kale, simama. Piga picha zikiwa bado zimelala, andika mahali, kina na ulichokuwa unafanya, kisha toa taarifa kwa uongozi wa kijiji au ofisi ya utamaduni ya wilaya. Usiendelee kuchimba ukitafuta nyingine. Ukikumbuka habari ya visiwa vya Wessel, mahali ndipo penye nusu ya thamani.

Daftari likae wapi, na nani ajue

Daftari lisikae kwenye kisanduku kimoja na sarafu. Mwizi au moto ukichukua kimoja, kingine kibaki. Nakala ya picha za kurasa iwe kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine. Mara moja kwa mwaka, toa kila kitu, linganisha na daftari, na uandike mwisho wa orodha: "Zimehesabiwa, zote zipo," pamoja na tarehe.

Kwenye ukurasa wa kwanza andika jina la mwenye mali, na ueleze kama ni mali yako binafsi au ya ukoo. Ugomvi wa mirathi mara nyingi huanzia hapo. Kama bibi alisema sarafu fulani iende kwa mjukuu fulani, iandike kwenye ingizo la sarafu hiyo na umwombe asaini au aweke dole gumba mbele ya watu wawili. Maandishi hayo hayachukui nafasi ya wosia uliofanywa kisheria, lakini yanaonyesha nia yake wakati akiwa hai na akili timamu.

Kwa mwenye kopo lenye pesa hamsini, kazi hii ni ya jioni kadhaa. Usingoje daftari zuri wala simu kubwa. Chukua sarafu moja, ile ambayo mzee anaipenda zaidi, umpelekee wiki hii, umuulize aliipataje, na uandike jibu kwa maneno yake.